Mgeni wa Chumba cha Ndani, Sanyuanli

Habari za kifo chake zilinikuta jikoni, Jumanne asubuhi, nachuja chai. Simu ilitoa mlio, nikaifungua kwa kidole chenye majani ya chai, nikasoma kwamba dada yetu wa Mombasa, yule wa jinzi, ametangulia mbele ya haki alfajiri ile na atazikwa baada ya sala ya alasiri. Aliyeniandikia ni mdogo wake wa kiume. Niliusoma ujumbe ule tena, kisha mwili mzima ukanisisimka kwa hofu, si kwa huzuni, huzuni ilikuja baadaye kidogo. Wasomaji wa siku nyingi wa safu hii wananijua kuwa mwoga. Nimeshawaandikia kuhusu lifti, kuhusu mbwa wa jirani, kuhusu barua za benki ninazoziacha wiki nzima bila kuzifungua, na wengine mmenicheka, na mna haki. Lakini upo woga mmoja ambao sijawahi kuuandika, ulionipata nikiwa msichana, ugenini, nyumbani kwa huyu aliyefariki. Mazishi sikuyawahi, kwani kutoka Tanga hadi Mombasa kuna mpaka wa kuvuka na mimi si mtu wa haraka. Nilifika siku ya pili, watu wakiwa bado matangani, na huko nikaambiwa jambo ambalo limeurudisha woga ule mzima mzima, mpya kama wa jana.

Nisijitie undugu nisio nao. Sikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana. Nilikuwa mwanafunzi huko Guangzhou, kusini mwa China, nasoma kwa ufadhili wa wenyeji, naye alikuwa mfanyabiashara aliyenizidi umri kiasi cha kuniita mdogo wangu bila kuniuliza nimezaliwa lini. Tulikutana katika jengo moja la maduka ya jumla pale mtaani Sanyuanli, akibishana na mwenye duka kwa kikokotoo, huyu anaandika namba, yule anaifuta, na sura za wote wawili zimekunjamana. Niliingilia kati kwa Kichina changu cha darasani, wakaelewana, na tangu siku hiyo Jumamosi zangu zikawa zake. Nilitoka chuoni asubuhi kwa treni ya chini ya ardhi, nikazunguka naye madukani nikimtafsiria, na mchana akanilisha wali wa nazi ya kopo na samaki katika fleti aliyopanga ghorofa ya saba. Ilikuwa miaka ile ambapo ukikosa kupita mtaa kwa mwezi mmoja unakuta jengo ambalo hukuliacha. Watu wetu walitua na mabegi matupu, wakakimbilia viwanda vya jinzi vya Xintang, wakaagiza, wakachangia kontena, wakarudi nyumbani. Yeye alibaki kule kuwa macho yao. Alikagua mishono, akafungua mabunda kuona kama rangi ya juu ndiyo ya chini, akasimama juani kontena likipakiwa. Duka hakuwa nalo, duka lake lilikuwa kile kibali cha kukaa kilichogongwa muhuri kwenye pasipoti. Mama yake na wadogo zake walikula kutokana na muhuri ule, na hilo alilisema bila kujisifu. Siku atakayofukuzwa kule, aliniambia, kuna sufuria itakayofunikwa Mombasa.

Burudani yake ilikuwa moja tu. Alinunua kando ya barabara DVD ya filamu ya zamani ya Hollywood, ya picha zisizo na rangi, ambayo jalada lake lilikuwa la filamu nyingine kabisa, watu wenye bastola na gari linalowaka. Ndani kumbe ni kichekesho cha mapenzi. Binti wa kitajiri anajiandaa kuolewa na bwana mmoja mwenye masharubu yaliyochongwa. Theluji inaanguka, mlango unabishwa, anaingia fundi wa piano ambaye hakuna aliyemwita. Theluji inaziba njia, fundi anakwama mle ndani, na kila mama wa bwana harusi anapokuja kukagua nyumba, inabidi yule mgeni afichwe, mara kabatini, mara nyuma ya pazia, mara chini ya piano yenyewe. Kofia yake daima inasahaulika kitini. Mama anaitazama kofia, binti anaitazama kofia, mtumishi anaikalia. Hapo dada yangu alicheka mpaka akaupiga mto makofi, ingawa aliijua filamu ile kuliko walioiigiza. Na nani anamwoa nani mwishoni mnajua hata msipoiona.

Lakini kilichompendeza zaidi si mapenzi yale. Kilichompendeza ni kwamba tangu mwanzo mpaka mwisho yule binti hamuulizi mgeni anaondoka lini. Alinionyesha hilo kwa fahari, kana kwamba Hollywood ilikuja kujifunza kwao. Kwao alikolelewa, mgeni akiingia anapewa maji, anapewa chakula, anaonyeshwa pa kuoga, kisha unanyamaza mpaka yeye mwenyewe aseme kilichomleta na siku ya safari yake. Kumuuliza siku ya kuondoka ni kumfukuza kwa ulimi, na anayefanya hivyo husemwa mtaani mpaka na watoto wake. Nami niliyelelewa Tanga niliitikia, maana kwetu ni hivyo hivyo. Ni rahisi kuitikia jambo kama hilo ukiwa umeshiba wali.

Jumamosi moja nilibisha hodi na mlango haukufunguliwa kama kawaida. Nilisikia nyayo zikija, zikasimama upande wa ndani, kisha akauliza kwa sauti ya chini ni nani, ilhali hakuna mtu mwingine aliyekuwa akibisha hodi kwa Kiswahili saa ile. Ndani kulikuwa na harufu ya tangawizi na dawa ya kifua. Mlango wa chumba cha ndani, alimokuwa akiweka sampuli zake za jinzi, ulikuwa umefungwa, na nyuma ya mlango ule mtu akakohoa. Miguu yangu ilitaka kugeuka papo hapo. Akanikalisha, akanieleza. Aliyekohoa alikuwa mfanyabiashara wa Nairobi ambaye waliwahi kuchangia naye kontena mara moja. Kiwanda kilimchelewesha mzigo Xintang, naye akisubiri, viza yake ikaisha. Ulikuwa mwaka ule China ikijiandaa kuipokea dunia kwa michezo ya Olimpiki, na ofisi zilizokuwa zikiongeza viza kwa urahisi ziliacha ghafla. Hotelini waliitazama pasipoti yake, wakamrudishia kwa mikono miwili kwa heshima zote, wakasema meiyou, neno ambalo sote kule tulilijua vizuri, maana yake hakuna. Hakuna chumba. Tayari alikuwa na homa. Katika mji ule wenye mamilioni ya watu alikuwa anaujua mlango mmoja tu, akaja akaketi ngazini mbele yake na begi lake, hawezi hata kubisha.

Sasa sikilizeni tulivyokuwa tumebanwa. Sheria ya kule ni kwamba mtu wa nje akilala nyumbani kwako, unampeleka kituo cha polisi cha mtaa akaandikishwe mara moja. Mtu aliyeishiwa viza haandikishiki. Ukimpeleka umemkabidhi, usipompeleka umemficha, na anayeficha hupoteza kibali chake mwenyewe. Na kikohozi! Guangzhou ilikuwa bado inaukumbuka ule ugonjwa wa mapafu uliopita mjini miaka michache nyuma, na ukikohoa kwenye basi watu walikupa nafasi hata mahali pasipo na nafasi. Yule bwana alikuwa akikohoa ndani ya mto ili majirani wasimsikie. Juu ya yote alikuwa mwanamume, si ndugu, katika nyumba ya mwanamke wa Kiislamu anayeishi peke yake. Kwa hiyo dada alikuwa na wa kuwaogopa pande zote mbili, polisi wa kule na midomo ya kwetu. Kila jioni alimwachia uji na maji, akafunga mlango, akashuka kulala kwa mama mmoja wa Kiganda ghorofa ya chini. Mimi nami nilikuwa na ufadhili wangu wa kulinda. Niliwaza namna ya kumweleza baba yangu kwamba nimerudishwa kabla ya shahada kwa sababu ya mtu ambaye hata sura yake sijaiona.

Nilimfuata dada jikoni nikamnong'oneza.

"Dada, muulize basi anaondoka lini."

"Simuulizi."

"Wewe una mama yako na wadogo zako..."

"Najua nina nani," akasema. Alikuwa akikata tangawizi, na kisu kilikuwa kikigonga ubao ovyo, vipande vikubwa kwa vidogo. "Naogopa kukushinda, mdogo wangu. Usiku sipati usingizi. Lakini mtu hawezi hata kusimama. Nimuulize ili aende wapi?"

Nilipokuwa natoka niliona kandoni mwa ndala zetu, nje ya mlango, viatu vyeusi vya ngozi, vikubwa, vya mtu mrefu. Ni mazoea yetu, nani asiyejua? Viatu vinavuliwa mlangoni, hasa nyumba ambayo watu wanaswali. Siku ya kwanza dada alimweleza mgeni hivyo, naye Mkristo wa watu, akashukuru kufundishwa na akatii. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba yeyote apitaye kwenye ngazi angeweza kujua kwa kutazama chini kwamba humu mna dume. Tuliviingiza haraka, tukaviweka chini ya sinki la jikoni, na mimi nikateremka zile ngazi nikishika ukuta.

Wiki iliyofuata sikusoma kitu. Kiti kikiburuzwa darasani nilishtuka. Mwalimu aliyehusika na wanafunzi wa nje akinisalimu, nilitafuta machoni mwake kama ameshajua. Kwa simu tulizungumza kwa mafumbo, kwa sababu tuliamini kuna watu wanasikiliza. Nilimuuliza bunda linaendeleaje, akanijibu kwamba leo bunda limekunywa uji, limekaa kitako, limeomba chumvi. Mara moja alicheka katikati ya sentensi, na mimi nikacheka, kisha tukakata simu kwa aibu. Nilitamani sana asinipigie tena, na aliponyamaza siku moja nzima nilikaribia kuugua.

Jumamosi ya pili nilikwenda, msiniulize kwa nini. Nafikiri kukaa mbali kulinitisha zaidi. Nilimkuta yule bwana amepata nafuu, ameoga, amekaa kwenye mkeka mwisho kabisa wa sebule, mbali na dada kwa adabu iliyopitiliza. Alikuwa mtu wa maneno machache na uso mpole uliokonda. Aliniambia kwa Kiswahili cha Nairobi kwamba anashukuru, na kwamba akipata nguvu ataondoka. "Sitaki kumletea sista noma," akasema, akainama. Dada akajifanya hajasikia, akaiweka filamu yake ili mgonjwa achangamke. Tukaitazama mchana ule, pazia limefungwa, sauti imepunguzwa. Yule bwana alicheka kwa kificho, mkono mdomoni, akauliza kama huyu fundi atamwoa huyu dem ama vipi, na dada akamwambia avute subira. Kwa mara ya kwanza nikawatazama wote wawili na wazo la kisichana likanijia kwamba labda na sisi tumo katika kichekesho na mambo yataisha kwa harusi.

Mlango ukagongwa kwa nguvu. Sauti ya kike ikaita kwa Kichina, ilikuwa ya mwenye nyumba, na nyuma yake sauti ya mwanamume. Yule bwana aliinuka kwa wepesi ambao sikuudhania, akaingia chumba cha ndani na mlango ukafungwa taratibu. Nilichukua kikombe chake, nikakosa pa kukiweka, nikakishika. Dada alizima sauti ya televisheni lakini picha ikaendelea, na kwenye kioo, wallahi, fundi wa piano alikuwa anasukumwa kabatini. Dada akajitanda mtandio, akafungua. Mwenye nyumba alikuwa amesimama pembeni, haangalii mtu. Mbele yake alikuwepo polisi wa makamo, kofia kwapani, na alikuwa hatutazami sisi. Alikuwa anatazama chini. Baadaye nilielewa kilichotokea. Asubuhi ile, alipopata nguvu za kwenda kuoga, mgeni wetu aliviona viatu vyake vimo jikoni chini ya sinki, akaona haya kwamba katika homa yake amesahau adabu za nyumba, akavitoa nje akavipanga vizuri, nami nilipoingia sikutazama chini.

Polisi aliuliza nyumba hii inakaliwa na watu wangapi. Nikatafsiri. Dada akasema mpangaji ni yeye peke yake na mimi ni mgeni wa mchana, nami nikaonyesha kitambulisho changu cha chuo. Kisha akanyoosha kalamu yake kuelekea vile viatu na kuuliza ni vya nani. Sauti yake haikuwa ya ukali. Nilimgeukia dada nikamtafsiria, na hapo hapo, kwa Kiswahili, kwa sauti ile ile ya kutafsiri ili asishtukiwe, nikaongeza la kwangu.

"Sema ni sampuli."

Ulikuwa uongo mzuri. Nyumba ilijaa sampuli. Dada alivitazama viatu, akashika mwimo wa mlango. Magoti yake yalikuwa yanatetemeka mpaka pindo la gauni likacheza, niliona kwa macho yangu. Kisha akasema kwa sauti kubwa kuliko mahitaji ya pale mlangoni.

"Mwambie ni vya mgeni wangu. Yumo ndani, anaumwa, na viza yake imekwisha. Mwambie mimi ndiye niliyemuweka."

Nilikuwa na nafasi ya kusema chochote, maana hakuna aliyeelewa pande zote mbili isipokuwa mimi.

"Tafsiri, mdogo wangu," akasema. "Neno kwa neno."

Nikatafsiri. Sauti ilitoka nyembamba, na katikati ya sentensi ilikatika nikaanza upya. Polisi alimtazama dada kwa muda, akatazama kile kioo cha televisheni ambamo watu walikuwa wakikimbizana bila sauti, akasema aitwe huyo mtu na alete pasipoti. Dada akaenda mpaka mlango wa chumba cha ndani. Hakuusukuma. Alisimama akasema, "Ndugu, toka. Niko hapa." Ilipita kitambo, nami nilihesabu pumzi zangu mwenyewe kwa kukosa la kufanya. Mlango ukafunguka, akatoka peku, jasho limemlowesha shati zima, akasimama karibu na dada kama mtu aliyekuja kwenye joto.

Tulikwenda kituoni wote kwa miguu. Dada alikaa kwenye benchi mpaka jioni akikataa kurudi nyumbani kabla ya kujua mgeni wake amelazwa wapi. Walimpeleka kwa daktari, kisha wakampa amri ya kuondoka nchini, naye akaondoka. Mimi sikufanywa kitu. Dada aliadhibiwa, na kibali chake kilipoisha muda hakikuongezwa. Alifungasha miezi michache baadaye. Nilimsindikiza uwanja wa ndege, akanipa ile DVD, nami sikuwahi kuiweka tena, kwa sababu sikutaka kumwona tena yule mtu akisukumwa kabatini. Mombasa alianza upya, akinunua kwa jumla kutoka kwa watu ambao zamani yeye ndiye aliyewakagulia mizigo. Sufuria haikufunikwa, lakini ilipungua. Wenzake wa Guangzhou walisema ni mjinga, kwamba polisi yule hakuwa mkali na angeridhika na jibu lolote. Sitawaficha, na mimi niliamini hivyo miaka yote hii. Nilimheshimu, lakini niliamini kwamba ukweli wake ulimgharimu bure.

Najua mnaloliuliza. Hapana, hawakuoana. Yule bwana alikuwa na mke Nairobi na picha za watoto mfukoni, na dada hakuwa na mawazo hayo. Filamu zina haraka. Ninachojua ni kwamba yule bwana alikuwa akimpigia dada simu kila Idi bila kukosa, na akipita Mombasa alibisha hodi bila taarifa, akakaribishwa, na hakuulizwa anaondoka lini.

Nimekaa nikiufikiria wakati ule, na namna dunia ilivyofunguka siku zile. Ilifunguka kwa ajili ya vitu. Jinzi za Xintang zilivuka bahari na mipaka, zikapokewa bandarini kwa shangwe, hakuna aliyeziuliza zitakaa siku ngapi. Kontena halikohoi. Aliyezishona, aliyezikagua na aliyezisubiri ndio walioulizwa kila mahali wanaondoka lini. Na msidhani ninawasema Wachina. Polisi yule alifanya kazi yake, na kwa kweli alikuwa mstaarabu kuliko baadhi ya watu ninaokutana nao kwenye kaunta za hapa kwetu. Sisi wa Tanga tunaishi kwenye njia wanayopita vijana wa Kihabeshi wanaokwenda kusini, wakifichwa mashambani na kwenye malori. Kila baada ya muda tunasoma wamekamatwa, au wamekutwa wamekufa, na tunaligeuza gazeti upande wa michezo. Mtaani kwangu mwaka jana walikutwa wawili kwenye banda la mtu. Jirani zangu walihesabu vyombo vilivyoanikwa uani kwake, wakaviona vingi kuliko watu wa nyumba, ndipo wakawapigia polisi simu. Mimi nilikuwa dirishani, nyuma ya pazia, naomba Mungu nisiulizwe kitu.

Matangani wanawake tulikaa ndani na wanaume nje, na ilipokaribia magharibi mdogo wake marehemu alikuja kuniambia kuna mtu anataka kunipa pole. Nikatoka uani. Sikumtambua mpaka alipoinama vile alivyoinama siku ile kwenye mkeka. Amezeeka, kichwa kimejaa mvi. Tulisemezana maneno ya msiba, kisha akaniambia kuna jambo amelibeba, na kwa kuwa mwenyewe ameondoka, anaona mimi nilijue. Alianza kwa kuniuliza kama nakumbuka dirisha la kile chumba. Nikasema silikumbuki.

"Halikuwa na nondo," akasema. "Mlipofungua mlango mimi nilikuwa nishalifungua. Nilikuwa nimeketi pale juu, mguu mmoja nje. Nilijiambia afadhali hivyo kuliko kushikwa."

Nikamwambia ilikuwa ghorofa ya saba.

"Najua, sista. Nilikuwa naangalia chini. Nilikuwa nangoja tu nisikie ameulizwa, aseme hakuna mtu, halafu nijue ni kweli hakuna mtu. Nikaskia amesema mgeni wangu. Amesema kwa nguvu, kwa Kiswahili. Nikarudisha mguu."

Nililazimika kuketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Siku zile tulikuwa tukisikia habari za wenzetu waliorukia nje dirishani walipogongewa na polisi, na tulizisikia kama zinazowapata watu wengine. Nikakumbuka viganja vyake alipotoka chumbani, vilikuwa na vumbi jeusi, nami nilidhani ni uchafu wa sakafu. Nikalikumbuka neno langu, sampuli, na jinsi lilivyokuwa jepesi mdomoni, na jinsi nilivyoliona zuri. Nililitamka kwa Kiswahili, hatua chache kutoka mlango ule. Nilimuuliza kama alinisikia. Akasema alisikia, na kwamba hapo ndipo alipoinua mguu wa pili. Wazee wetu husema mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa mwenyeji hakupona kitu, alikula hasara mpaka siku yake ya mwisho, na aliyepona ni mgeni. Nilimuuliza kama dada alijua. Akasema hakumwambia kamwe, kwa sababu hakutaka ajue alichokuwa amekishika mikononi mwake siku ile. Alikifanya bila kukijua.

Tangu nirudi nyumbani nimekuwa nikitetemeka, kwa woga wa jambo lililopita na ambalo halikutokea, kama mtu anayeonyeshwa asubuhi shimo alilopita kandoni mwake gizani. Na somo nililorudi nalo si la ushujaa, kwa hiyo waoga wenzangu msikimbie. Dada yule hakuwa jasiri. Niliyaona magoti yake. Aliogopa kuliko mimi, kwa kuwa alikuwa na mengi zaidi ya kupoteza, na aliyapoteza. Alisema huku anaogopa, basi, na mtu aliyekuwa nyuma ya mlango akajua kwamba yupo mmoja duniani ambaye hajamkana. Zamani nilidhani nitasubiri woga uniishe ndipo niwe mtu wa kusema neno kama lile. Hautaisha. Nina umri huu na bado najificha nyuma ya pazia. Lakini siku ile, angalau, kazi yangu ilikuwa nyepesi, kwani sentensi ilikuwa ya mwingine na mimi niliivusha tu. Mwenye sentensi tumemzika. Siku swali litakapoelekezwa kwangu, sitakuwa na mtu wa kumtafsiria.